Kupima mchezo na uchakavu wa ekseli ya nyuma kwenye gari la spoti la zamani

Unaachia klachi taratibu, gari linaanza kusogea, na kule nyuma panasikika "ngo!" Unaachia mafuta, "ngo!" nyingine. Ukimuuliza fundi yeyote, atakwambia difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili, imekwisha. Huenda ni kweli. Lakini kwenye magari ya spoti ya miaka ya 1960 na 1970 ambayo nimewahi kulala chini yake, krauni na pinioni (gia pana ya duara ya difu, na gia ya mbele inayoizungusha) ndizo zilizokuwa za mwisho kupatikana na hatia. Mara nyingi kilichokwisha kilikuwa washa nyembamba, krosi kavu ya propela (kiungo kinachojikunja cha shafti ndefu itokayo giaboksi kwenda nyuma), au bolti iliyolegea ambayo haikuhitaji hata senti ya vipuri.

Kishindo hicho ni jumla. Kati ya giaboksi na lami kuna krosi mbili za propela, splaini yake ya kuteleza (meno marefu ya shafti yanayoingia ndani ya mwenzake), meno ya pinioni na krauni, gia ndogo za ndani ya difu pamoja na washa zake, splaini za hafushafti (shafti zinazopeleka mzunguko kwa kila gurudumu) pande mbili, habu (kitovu cha gurudumu), na kama gari lina rimu za spoki, splaini za habu na rimu pia. Kila mahali pana nafasi kidogo, ambayo mafundi huiita mchezo, hata gari likiwa jipya, maana chuma kisicho na nafasi hakizunguki. Sikio linasikia jumla tu. Kinachotakiwa ni kuigawa, kila kiungo kipewe fungu lake, ndipo uamue unafungua wapi.

Mfano wangu mkuu ni MGB, gari lililotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980. Nimelichagua kwa sababu ekseli yake ni ya aina iliyoenea zaidi: bomba moja gumu, difu katikati, springi za majani, drumu za breki kwenye ncha. Uwiano wake ni 3.909, yaani krauni ina meno 43 na pinioni 11. Gari lako likiwa la aina nyingine, badili nambari. Mpangilio wa kazi ni uleule. Magari ambayo kila gurudumu la nyuma linacheza kivyake nimeyawekea sehemu yao mbele.

Vifaa

Jeki imara, stendi nne za chuma, kabari za magurudumu, mtarimbo mfupi, torchi, chaki, rula, beseni la oili na sumaku. Geji ya saa, ile yenye mshale na mguu wa sumaku, ni muhimu kwa beringi tu. Sehemu nyingine zote unaweza kuzipima kwa chaki na rula. Tafuta pia mtu wa kukusaidia, na daftari. Usiache kuandika: nambari tatu ukizibeba kichwani, hadi unatoka chini ya gari zimeshageuka mbili.

Endesha kwanza

Kabla ya kufungua chochote, tafuta barabara nyoofu na tulivu, shusha vioo, usikilize.

Kishindo kimoja kizito kila unapokanyaga na kuachia mafuta ni mchezo wa kuzunguka, na unaweza kuwa popote kwenye ule mnyororo. Mlio mwembamba wa chuma, "ting", hasa unapotoka rivasi kwenda mbele, mara nyingi ni krosi iliyokauka grisi. Kulia kwa sauti ndefu kunakobadilika kulingana na mguu wako ni kwa meno au beringi za pinioni; gari likilia zaidi unapoachia mafuta, shuku kwanza pinioni iliyolegea. Na mngurumo usiojali mafuta lakini unazidi au kupungua kwenye kona ni beringi ya gurudumu. Kona ya kulia hulibebesha mzigo gurudumu la kushoto, kwa hiyo mngurumo ukizidi hapo, anza kutafuta kushoto.

Tahadhari moja: tairi lililolika kwa vidaraja hunguruma sawasawa kabisa na beringi. Hamisha matairi ya nyuma yaende mbele. Mlio ukihama nayo, umeokoa siku nzima ya kazi.

Mtikisiko nao una hesabu yake. Tairi la MGB hutembea karibu mita 1.9 kwa mzunguko mmoja. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gurudumu huzunguka kama mara 12 kwa sekunde, na propela kama mara 46. Mtikisiko wa mara 12 unaweza kuuhisi mpigo kwa mpigo kwenye kiti. Wa mara 46 hauhesabiki, unakuwa mvumo unaojaza gari lote. Ukiijua tofauti hiyo, hutampelekea mtu wa kusawazisha matairi ugonjwa wa propela.

Kuinua gari

Sakafu iwe ngumu na tambarare. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kwa sababu ukishainua nyuma na kuachia handibreki, hakuna kingine kinachozuia gari. Kwenye ekseli ngumu, jeki inaweza kukaa chini ya nyumba ya difu. Kisha stendi ziende chini ya mabomba ya ekseli, karibu na springi, na siyo chini ya bodi. Sababu ni ya kipimo pamoja na usalama: ekseli ikining'inia, propela inakaa kwenye pembe ambayo haikai barabarani, na krosi zinabana au kulegea kwa namna isiyo ya kweli. Ikibeba uzito wake, unapima kile kinachotokea barabarani.

Gari likishakaa kwenye stendi, lisukume kwa nguvu kutoka ubavuni. Likiyumba, shusha uanze upya. Hakuna kazi inayofanywa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na injini haiwashwi mtu akiwa chini.

Hatua ya 1: chaki

Chora mstari wa chaki unaovuka kila kiungo: flenji (sahani ya bolti) ya giaboksi na nira (uma) ya krosi, pande mbili za splaini ya kuteleza, nira ya nyuma na flenji ya pinioni, drumu na bamba la breki nyuma yake, rimu na habu. Utaonekana kama unachezea rangi, lakini mistari hii ndiyo itakayosema ukweli. Jicho haliwezi kupima milimita moja ya mzunguko kwenye chuma cheusi. Mstari uliokatika linauona mara moja.

Hatua ya 2: propela

Weka gia ya kwanza, funga handibreki. Shika propela katikati kwa mikono miwili, izungushe huku na huku kwa nguvu. Angalia mistari ya kwenye krosi. Krosi nzima haikati mstari hata kidogo. Ukiona nira moja imetangulia nyingine, hata kwa upana wa mstari wenyewe, krosi hiyo imekwisha na hakuna grisi itakayoirudisha. Kisha ingiza mtarimbo kati ya nira, inua juu, shusha chini: krosi nyingine hazionyeshi mchezo wa kuzunguka lakini zinacheza juu na chini. Tafuta vumbi jekundu kama kutu pembeni ya vikombe vya beringi. Hilo ni sindano za ndani zikisagika, na huonekana kabla mkono haujahisi lolote.

Splaini ya kuteleza huruhusiwa mchezo mdogo sana. Ukiifungua, hakikisha inarudi kwenye meno yaleyale, ili nira za mbele na nyuma zikae sambamba. Ukikosea jino moja, umejitengenezea mtikisiko ambao haukuwepo.

Magari mengine yana kiungo cha mpira badala ya krosi ya mbele. Alfa Romeo za mfululizo wa 105 zinacho, pamoja na beringi ya katikati ya propela. Mpira unapimwa kwa jicho: nyufa zinazotoka kwenye matundu ya bolti maana yake ubadilishe.

Hatua ya 3: flenji ya pinioni

Sasa weka giaboksi nyutro, handibreki ibaki imefungwa kabisa. Shika flenji ya pinioni, au nira iliyofungwa nayo, izungushe huku na huku hadi igonge pande zote mbili. Pima kwa rula umbali ambao ukingo wa flenji umetembea, na upime pia kutoka katikati ya flenji hadi hapo ulipowekea alama. Kwenye mfano wangu ni milimita 45.

Hapa kuna mtego ulionipoteza mara ya kwanza nilipofanya kazi hii. Viatu vya breki vinaweza kuteleza kidogo kwenye bamba lake, drumu ikatikisika ingawa handibreki imekaza. Nilihesabu mchezo wa breki kama mchezo wa difu. Msaidizi atazame mstari kati ya drumu na bamba. Ukikatika, mwambie akanyage breki ya mguu pia. Ukiendelea kukatika, kipimo hicho si cha kuaminika hadi magurudumu yazuiwe kwa kabari chini.

Tuseme flenji imetembea milimita 6. Je, ni krauni na pinioni? Tupige hesabu ya kukadiria. Nafasi ya kawaida kati ya meno ya krauni na pinioni iko kati ya milimita 0.1 na 0.2, kitabu cha gari lako kitakupa yake kamili. Chukua 0.15 kwenye krauni yenye nusu kipenyo cha milimita 90. Zidisha kwa uwiano wa 3.9, ipeleke kwenye ukingo wa flenji ulio milimita 45 kutoka katikati, na unapata karibu milimita 0.3. Ni mtikisiko ambao kidole kinauhisi kwa shida. Ili meno hayo peke yake yatoe milimita 6, ingebidi nafasi yake iwe mara 20 ya kawaida, na difu ya namna hiyo isingekuwa inagonga tu, ingekuwa inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Kwa hiyo zile milimita 6 zina mwenyewe mwingine.

Hatua ya 4: gurudumu kwa gurudumu

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na wengi wanakiruka. Magurudumu yote mawili ya nyuma yakiwa hewani, achia handibreki. Msaidizi aizuie flenji ya pinioni isizunguke, kwa mtarimbo uliopitishwa kati ya bolti na kuegemea kitu kigumu. Sasa zungusha gurudumu la kushoto polepole kwenda mbele. Kwa difu ya kawaida, la kulia litaanza kuzunguka kinyume. Likishaanza, simama, weka alama ya chaki kwenye tairi la kushoto. Lizungushe kurudi nyuma polepole hadi la kulia lianze tena kusogea. Umbali ambao tairi la kushoto limetembea kabla la kulia halijaamka ndio mchezo wa gia ndogo za ndani, washa zake, na splaini za hafushafti. Krauni na pinioni haziingii hapa, isipokuwa kwa milimita moja hivi.

Rudia mara tatu, kila mara ukianza na magurudumu yamekaa sehemu tofauti. Nambari zikitofautiana sana, kuna jino lililolika upande mmoja au splaini iliyopinda. Difu ya kubana, ile inayozuia gurudumu moja kuteleza, haipimiki kwa njia hii, kwa sababu sahani zake hushika.

Tuseme tairi lilitembea milimita 19, likipimwa milimita 300 kutoka katikati ya habu. Linganisha na flenji hivi: chukua 19, zidisha kwa 45, gawanya kwa 300, zidisha kwa 3.909, kisha gawanya kwa 2. Unapata karibu 5.6. Kugawanya kwa mbili ni kwa sababu gurudumu moja linapozunguka na jingine limesimama, krauni huenda nusu tu ya mwendo huo; na kipimo chetu kimekusanya mchezo wa pande zote mbili.

Milimita 5.6 kati ya 6 zimepata mwenyewe. Zimebaki 0.4, ambazo ni krauni na pinioni zikiwa na afya njema kabisa. Gari hili halihitaji difu nyingine. Linahitaji kuangaliwa washa na splaini.

Hesabu hii si ya maabara. Chaki ina unene wake na mkono una haraka zake. Lakini ikikupa 5.6 kati ya 6, au 1 kati ya 6, njia zinakuwa zimeshaachana.

Hatua ya 5: pua ya difu

Fungua propela upande wa nyuma, uifunge juu kwa waya isining'inie. Shika flenji ya pinioni, isukume juu, chini, ndani, nje. Isitikisike hata kidogo. Beringi za pinioni hufungwa kwa mkazo wa awali, na mchezo wowote unaousikia kwa mkono maana yake mkazo huo umekwisha na pinioni inatangatanga mbele ya krauni. Hapo meno yatalika haraka, kwa sababu difu za magari haya nyingi zina pinioni iliyokaa chini ya mstari wa katikati wa krauni, na meno yake husuguana yakiteleza, hayabingiriki tu.

Kisha zungusha flenji kwa vidole viwili, polepole. Iwe laini kama inapita kwenye asali. Ikienda kwa vigongo vidogo vidogo, beringi imechimbika.

Usikubali kishawishi cha kukaza nati ya pinioni ili kuondoa mchezo. Ekseli nyingi zina bomba dogo la kati linalojikunja nati inapokazwa mara ya kwanza, na hilo ndilo linalopanga mkazo. Ukilikunja zaidi, halirudi. Hata unapobadilisha sili tu (pete inayozuia oili isitoke), weka alama kwenye nati, flenji na ncha ya pinioni kabla ya kufungua, uhesabu mizunguko, na urudishe palepale.

Hatua ya 6: beringi za magurudumu

Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Halafu kushoto na kulia. Halafu livute lote nje na kulisukuma ndani. Geji ya saa iwe imeshikwa na sumaku kwenye bamba la breki, ncha yake iguse uso wa habu, siyo tairi, maana tairi linadanganya.

Kutikisika juu na chini ni beringi. Kwenda ndani na nje kunategemea ekseli. Zile zenye beringi za roli za mteremko zinaruhusu mwendo mdogo, kipimo kiko kwenye kitabu cha gari na hupangwa kwa shimu, yaani vipande vyembamba vya chuma. Baadhi yake hafushafti mbili hukutana katikati kwenye kipande cha chuma, kwa hiyo ukisukuma kulia, kushoto kunatoka. Pima pande zote mbili kabla ya kugusa shimu yoyote.

MGB za mwanzo zilikuwa na ekseli ambayo habu inabebwa na beringi iliyokaa juu ya bomba lenyewe, na hafushafti inapeleka mzunguko tu. GT, ile yenye paa la kudumu, ya 1965 ilikuja na ekseli ya bomba, na gari la wazi likaifuata 1967. Hapo hafushafti yenyewe hubeba uzito. Ni muhimu kujua unayo ipi, kwa sababu ya mwanzo difu hutolewa yote kwa mbele baada ya kuvuta hafushafti, na ya bomba hufunguliwa kifuniko cha nyuma.

Oili kwenye drumu ni dalili, siyo ugonjwa. Kabla ya kulaumu sili, safisha tundu la kupumulia juu ya ekseli. Likiziba tope, joto hupandisha shinikizo ndani na oili hutafuta njia kupitia sili ambayo haina kosa lolote.

Hatua ya 7: rimu za spoki

Kama gari lako halina, pita. Kama linazo, msaidizi akanyage breki kwa nguvu, nawe ushike tairi ulitikise kwa mzunguko, mbele na nyuma, kama unayetaka kufungua kopo gumu. Angalia mstari kati ya rimu na habu. Ukikatika, splaini zimelika, au kofia ya kufungia imelegea. Kaza kofia kwanza, urudie. Ukiendelea, toa gurudumu utazame meno ya habu kwa torchi kutoka ubavuni. Meno mazima yana kilele bapa. Yaliyolika yamekuwa makali kama msumeno. Habu na rimu hulika pamoja, na rimu mpya juu ya habu kali italiwa haraka.

Niliwahi kununua gari ambalo mwenyewe alikuwa tayari ameshabadilisha difu kwa sababu ya kishindo. Kishindo kilikuwa hapa.

Hatua ya 8: oili

Fungua tundu la kujazia kabla ya kumwaga. Ukimwaga kwanza, kisha ukagundua kizibo cha kujazia kimegandamana, gari lako limekuwa samani. Mwaga oili ikiwa na joto, baada ya safari. Ekseli isiyo na tundu la chini huvutwa oili kwa bomba la sindano kubwa.

Pitisha sumaku. Ujiuji wa kijivu, laini kama majivu, ni kawaida kwa gari la miaka hamsini. Vipande bapa vinavyong'aa vimebanduka kutoka uso wa beringi au jino. Chembe zenye rangi ya shaba, ambazo sumaku haizishiki, zinatoka kwenye washa za gia ndogo, na zikienda pamoja na milimita 19 za hatua ya 4, huna haja ya ushahidi mwingine. Oili nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji.

Kwa kawaida hurudishwa oili ya difu ya daraja la GL-5, ya uzito unaotajwa na kitabu, hadi ifike ukingo wa tundu gari likiwa limekaa sawa. Difu ya kubana inataka oili yenye dawa yake maalumu.

Hatua ya 9: kinachoishika ekseli

Ekseli nzima inaweza kuzunguka kidogo juu ya springi zake, na hilo pia hugonga. Kaza yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi), kagua bolti ya katikati ya springi, weka mtarimbo kwenye macho ya springi uone bushi zinavyosogea. Bolti ya katikati iliyokatika huacha ekseli iende mbele na nyuma, na gari linageuka lenyewe unapokanyaga mafuta.

Kuona ekseli ikijipinda, shusha gari chini, kabari pande zote, handibreki na breki ya mguu zimekazwa. Weka simu sakafuni, irekodi video ikielekea difu. Hakuna mtu chini wala mbele ya gari. Ndani, dereva aweke gia ya kwanza, aachie klachi hadi ianze kushika tu, aikanyage tena, kisha rivasi. Kwenye video, pua ya difu itanyanyuka kidogo na kurudi. Ikiruka ghafla na kugonga, bushi au yubolti ndizo.

Magari yenye nyuma huru

Hapa difu imefungwa kwenye fremu, na mambo mawili yanaongezeka: mashikio ya difu yenyewe, na shafti fupi za pembeni zenye viungo vyake. Usitie jeki chini ya difu ya magari haya bila kitabu kukuruhusu. Na unapopima, tegemeza mikono ya chini au habu, shafti zikae usawa wa barabarani.

Kwenye Jaguar E-Type, iliyotoka 1961, shafti ya pembeni ndiyo pia mkono wa juu wa kushikilia gurudumu. Krosi yake ikilika, gurudumu linatikisika juu na chini sawasawa na beringi mbovu. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu beringi, msaidizi atikise gurudumu nawe uweke kidole kati ya nira na vikombe vya krosi. Breki nazo ziko ndani, pembeni ya difu, siyo kwenye magurudumu. Handibreki haifungi habu, inafunga shafti upande wa difu. Mgawanyo wa hatua ya 3 unabadilika: shafti na krosi za pembeni zinakuwa nje ya kipimo cha flenji, na unazipima kwa kutikisa gurudumu breki ikiwa imefungwa.

Triumph TR4A ya 1965 hadi TR6 zina splaini inayoteleza kwenye shafti za pembeni. Ikikauka, hubana unapokanyaga mafuta na kuachia ghafla, na nyuma ya gari hupiga chenga katikati ya kona. Wengi hudhani ni matairi. Toa shafti, safisha, tia grisi, na uhisi kama inateleza bila mkwaruzo wakati unaipinda kidogo kwa mikono. Kwenye fremu za magari hayo kagua pia vishikio vya difu kwa torchi, hasa vya mbele: chuma chake hupasuka, na kishindo chake kinafanana kabisa na cha gia.

Datsun 240Z nayo ina mpira wa mbele wa difu ambao ukichanika, pua inaruka. Ile njia ya simu sakafuni hulionyesha vizuri kuliko mtarimbo.

Kuamua

Flenji ya pinioni ikitembea milimita 2 au 3 na difu hailii, mimi huliacha gari liendelee. Kuanzia 5 hutafuta mwenyewe kwa hatua ya 4. Pua ikicheza, kazi inasimama hapo hapo, gari haliendi barabarani hadi beringi za pinioni zibadilishwe na mkazo upangwe na mtu mwenye vifaa vya kupimia. Krosi hubadilishwa bila mjadala, mbili kwa pamoja.

Kwa ekseli ya bomba ya MGB, washa za ndani hubadilishwa difu ikiwa mahali pake. Vuta hafushafti zote mbili, fungua kifuniko cha nyuma, piga nje pini ndogo inayofunga mhimili wa gia ndogo, kisha mhimili wenyewe. Zungusha gia kubwa za pembeni robo mzunguko, gia ndogo zitatoka dirishani moja moja. Weka alama ipi ilikaa wapi. Washa za gia ndogo ni za shaba, za gia za pembeni ni za nyuzi. Usishangae ukizikuta za nyuzi zimevunjika vipande, au hazipo kabisa. Tazama mhimili: ukiwa na ngazi inayoshika ukucha, weka mpya. Tazama splaini za hafushafti pia, meno yanyooke kutoka mwanzo hadi mwisho. Yakiwa yamejisokota kama kamba, shafti hiyo imeshaanza kukatika.

Rudisha kila kitu, gasketi mpya, oili mpya, na urudie hatua ya 3 na ya 4 kabla ya kushusha gari. Andika nambari mpya pembeni ya zile za mwanzo. Baada ya kilomita 500 hivi mwaga hiyo oili, pitisha sumaku, na ukague kama nati za propela bado zimekaza.